Mteule Hunywa Mwisho

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa ya nani? Hamkula leo? Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa. Anayepukuchua mahindi aendelee kupukuchua. Hadithi inahitaji masikio, mikono ifanye kazi yake.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa mlima. Jina lake silijui, na bibi aliyenisimulia hakulijua. Juu ya kijiji palikuwa na bwawa. Kutoka bwawani ulishuka mfereji mmoja, na mfereji huo ndio uliokuwa roho ya watu wale. Asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanashuka. Chwa, chwa, chwa. Yanapita kwa huyu, yanapita kwa yule, kila shamba kwa zamu yake. Mashamba yaliyotangulia kupata maji yaliitwa Kichwani. Mashamba ya mwisho, kule chini kwenye mawe, yaliitwa Mkiani. Kichwani kulikuwa na nyumba nyingi na migomba minene. Mkiani kulikuwa na nyumba chache, na maharage.

Watu hawa hawakuwa na mfalme wala jumbe. Jambo likitokea, dogo au kubwa, walikusanyika wote kando ya mfereji, wake kwa waume. Jambo linatajwa. Anayekubali anavuka mfereji. Anayekataa anabaki aliposimama. Ng'ambo wakiwa wengi, jambo limepita. Na walipovuka waliimba:

*Vuka tuvuke, mguu hausemi uongo,*
*Vuka tuvuke, mguu hausemi uongo.*

Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Desturi nzuri. Mimi naipenda, siwafichi. Hakuna aliyeamuliwa mambo yake akiwa amelala. Ila walizidisha. Tupande lini? Wakavuka. Tupalilie lini? Wakavuka. Mbuzi wa fulani kala mboga ya fulani? Wakavuka. Siku moja walivuka kuamua kama mvua ya jana ilikuwa mvua au manyunyu. Na huku nyuma nyani wamekaa mashambani, wanakula mahindi taratibu, maana nao walishajua wenye mashamba wako wapi.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, jina lake Nakijwa. Huyu ndiye niliyemjia. Alikuwa mkongwe kuliko wote. Magoti yalikuwa yamegoma, ulimi ulikuwa haujagoma. Kwa kuwa hakuweza kuvuka, alikaa juu ya gogo lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Akikubali, anageuza miguu ng'ambo. Akikataa, anageuza miguu huku. Mazungumzo yakiwa marefu alilala, na miguu iliyolala haikuhesabiwa.

Sasa mwaka ule maji yalikuwa hayafiki Mkiani. Watu wa Mkiani walilalamika, na kila walipolalamika, kijiji kilivuka. Wakavuka kuamua kizibo kichomolewe mapema. Maji hayakufika. Wakavuka kuamua kizibo kichelewe kurudishwa. Hayakufika. Wakavuka kuamua kwamba maji yafike. Hayo nayo yalipita kwa wingi wa watu, na maji hayakufika.

Asubuhi moja wako katika kuvuka, chubwi, chubwi, chubwi, ukingo ukamong'onyoka. Gogo likateleza. Bibi Nakijwa, aliyekuwa katika usingizi wake, akaenda majini. Pwaa!

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka adabu, wakakimbilia kumtoa. Yeye akawazuia kwa mkono. Akakaa vilevile, kanga imeloa, maji yanamfika kiunoni. Akatazama ukingo wa huku. Akatazama ukingo wa huko.

"Niacheni kwanza," akasema. "Maji haya yananifika kiunoni. Mbona kule Mkiani hayafiki kisigino?"

Akawaonyesha. Kingo zote mbili zilikuwa zimekanyagwa zikawa tope tupu. Maji yalimwagika kulia, yakamwagika kushoto, yakaenda kunywesha magugu. Ni miguu yao wenyewe iliyofanya hivyo. Walikuwa wakivuka kutafuta maji, na kule kuvuka ndiko kulikoyamwaga maji.

Ndugu zangu, wakaitazama miguu yao. Hata kicheko kiliwaishia.

Walipokwisha kumtoa na kumvika nguo kavu, Nakijwa akatoa shauri. Akasema wachague watu wachache, watu watano, wakae wao kwenye mambo ya kila siku, wengine wapalilie. Mwaka ukiisha wachague tena. Wengi waliguna. Mzee mmoja aliyekuwa hakubali kitu kirahisi akauliza, ukimpa mtu mdomo wako, wewe utakula kwa kitu gani?

"Sikuambii umpe mdomo," Nakijwa akamjibu. "Mtume sokoni tu. Akirudi, muulize amenunua nini."

Wakavuka kwa jambo hilo, taratibu, mmoja mmoja, wakichungulia pa kukanyaga. Likapita.

Wakachagua watu watano. Na waliwachagua vipi? Waliwachagua wanaojua kusema. Ndivyo tulivyo binadamu, mtu akisema vizuri tunadhani na shamba lake liko vizuri. Wote watano walitoka Kichwani, kwa kuwa Kichwani ndiko kwenye watu wengi, na kila mmoja alimchagua jirani yake. Mkubwa wao aliitwa Semboja. Alikuwa mtu mwema, msije mkamchukia. Alikuwa na sauti nzito na moyo mwepesi wa kutoa.

Na mambo yakawa mazuri kweli. Kingo zikaota majani. Maji yakashuka, chwa, chwa, chwa, hadi Mkiani. Watu wakapalilia. Nyani wakarudi porini wakiwa wamenuna. Wateule wakakaa kwao kimya kimya, wakaamua mambo ya mbuzi na mboga, na wengine wakasahau hata kuuliza wameamua nini. Hapo pa kusahau kuuliza, pawekeni kidole.

Kikaja kiangazi kirefu. Bwawa likapungua, likabaki maji ya katikati na matope pembeni. Wateule wakakaa. Wakatazama bwawa, wakatazama mashamba, wakapiga hesabu zao, wakaona maji hayatoshi kwa wote. Wakaamua kufunga kipande cha mfereji kinachoshuka Mkiani mpaka mvua zije. Hawakuamua kwa ubaya. Waliamua kutoka pale walipokaa, na pale walipokaa Mkiani haikuonekana vizuri.

Mkiani aliishi mama mmoja kijana, mjane, aliyeitwa Namcha. Alikuwa na watoto watatu na kipande cha maharage kilichokuwa kimeanza kutoa maua. Mumewe alipokufa, Semboja huyuhuyu ndiye aliyempa mbegu. Maharage yale yakikauka, Namcha hana chakula. Hana chakula, itambidi arudi kwa kaka zake ng'ambo ya mlima, na kaka zake walikwisha kumwambia kwamba hakuna nyumba moja itakayobeba wote wanne. Mtoto mmoja kwa mjomba huyu, mwingine kwa mjomba yule. Hilo ndilo lililomwondolea usingizi.

Akapanda hadi kwa Bibi Nakijwa. Akamkuta anamenya ndizi. Akamsalimu, akaketi, akachukua kisu na ndizi akamsaidia, kisha akasema alichojia. Anataka kijiji kirudi kwenye desturi. Wakusanyike wote, wavuke, kama zamani. Watu wasiokubali uamuzi wa watu watano waseme kwa miguu yao.

Nakijwa akaendelea kumenya.

"Mkiani mko wangapi?"

"Wachache, bibi. Unatujua."

"Na Kichwani?"

Namcha akachukua ndizi nyingine.

"Mwanangu, ukiomba wavuke watavuka. Watakufunga kwa miguu mingi badala ya midomo mitano. Kisha hutakuwa hata na wa kumlaumu."

"Wananijua," Namcha akasema. "Nimewazika wazee wao, nao wamemzika mume wangu. Hawawezi."

"Na mimi nakujua. Nakupenda kama niliyekuzaa. Lakini migomba yangu iko Kichwani, na kiangazi kinanitisha. Nikiulizwa ghafla, kati ya maharage yako na migomba yangu, sijui miguu yangu itageukia wapi."

Namcha akaweka kisu chini akalia. Na Nakijwa alimwacha alie, kwa sababu aliona haya. Kusema kweli mbele ya mwenye shida si kazi nyepesi, jamani. Walipomaliza ndizi, bibi akamwambia aende akaitishe mkutano, ila akifika asiseme neno la kufunga wala kufungua. Jambo la kuvukia atalitaja yeye.

Mkutano ukaitwa. Semboja hakupinga hata kidogo. Alisema yeye haogopi miguu ya watu, waje wavuke, kijiji ni chao. Alisema hivyo akitabasamu, maana hata yeye alijua kuhesabu. Watu wa Mkiani wakasimama pamoja upande mmoja, kikundi kidogo. Watu wa Kichwani wakasimama wakijaa hadi kwenye migomba, na wengi wao walitazama chini. Hawakuwa na raha. Lakini mtu anaweza kukosa raha na bado akavuka.

Bibi Nakijwa akabebwa, akawekwa juu ya gogo lake. Ilikuwa desturi mkongwe kutaja jambo lake kabla ya wengine.

Akauliza kama watu wanataka kuendelea na wateule. Wakasema ndiyo, wanataka, wamechoka kuloa kila siku. Akauliza kama wateule hawa ni watu wema. Wakasema ni wema. Akauliza kama maji yanapaswa kugawanywa na mtu anayeyaonea uchungu. Wakasema naam, hilo halina ubishi. Semboja akatikisa kichwa akikubali, akasema bibi amesema vyema.

"Basi jambo langu la kuvukia ni hili," Nakijwa akasema. "Mteule, mwaka wote wa uteule wake, shamba lake linywe mwisho. Likiisha la mwisho la Mkiani, ndipo lake. Maji yabebwe kwa mitungi yapandishwe, au yasubiriwe yabakie bwawani, mtajua wenyewe. Ila linywe mwisho."

Watu wakageuka kutazama maji. Chwa, chwa.

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka kidogo. Mwingine akamfuata. Kila mtu wa Kichwani akawa anapiga hesabu kichwani mwake. Shamba langu? Halimo. Shamba la Semboja? Limo. Aa, hili halinigharimu kitu. Na tena, tuseme ukweli, nani hapendi kumwona mkubwa akisubiri zamu?

Wakavuka. Mke wa Semboja ndiye aliyetangulia, akapandisha nguo hadi magotini. Alipoulizwa kama ana akili timamu, alisema mwaka huu wote mumewe amekuwa kwenye vikao, labda sasa atakumbuka njia ya shamba.

*Vuka tuvuke, mguu hausemi uongo,*
*Vuka tuvuke, mguu hausemi uongo.*

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Mkiani wakavuka, Kichwani wakavuka. Upande wa huku wakabaki wanaume watano, na mbwa wa mmoja wao. Bibi Nakijwa akageuza miguu ng'ambo, polepole, ili kila mtu aone.

Semboja akasema, "Bibi, umetufunga."

"Sijafunga mtu. Asiyetaka aache uteule leo, shamba lake lirudi kwenye zamu yake. Hakuna atakayemcheka."

Mmoja aliacha palepale, akasema ana migomba michanga. Wakamcheka kidogo tu. Wengine wanne wakabaki, kwa haya au kwa ujasiri, mara nyingine havitofautiani. Namcha akakumbuka onyo la bibi, lakini sasa aliona mlango uko wazi. Akamuuliza Semboja kwa heshima, mzee wangu, na lile jambo la kufunga Mkiani linaendaje?

Semboja akatazama mfereji ulivyoteremka. Akatazama Mkiani kule chini, na safari hii aliiona.

"Mkiani haifungwi," akasema. "Nikiifunga, mimi nitakunywa lini?"

Kijiji kizima kikacheka, naye akacheka pamoja nao. Nimewaambia alikuwa mtu mwema.

Basi siku ile ile wateule wanne wakashika fimbo, wakapanda mfereji kutoka chini kwenda juu. Walikuwa hawajawahi kuutembea hivyo. Wakakuta tundu la kaa limetoboka hadi kwenye magugu, wakaliziba. Wakakuta shamba moja la Kichwani limelowa hadi vyura wamehamia, kwa kuwa mwenyewe hufungulia maji kisha huenda kwa shemeji yake kunywa togwa. Wakakuta mwingine amechimba kijifereji cha siri kuelekea kwenye mboga za mkewe. Wakakuta hata kwenye migomba ya Bibi Nakijwa maji yanasimama bure. Bibi alipoambiwa alikohoa, akasema wazibe tu, wasimsumbue.

Kisha wakapunguza zamu. Kila shamba likakatwa kidogo, la kila mtu, Kichwani na kati na Mkiani. Maji yaliyokuwa hayatoshi yakaanza kutosha kwa shida.

Manung'uniko yakazuka, hilo lazima mlitegemee. Watu wa Kichwani wakamwendea Nakijwa. Wakasema wanataka kuvuka tena, kuutangua upunguzaji huu, maana miguu ni yao na desturi ni yao. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo watu waliyashika kuliko maneno yake yote.

"Zamu ikikosewa leo, kesho inarekebishwa. Hilo ni la wateule, na mwaka ukiisha muwaulize. Mtu akihamishwa kwake, watoto wakatawanywa, kesho haiwezi kurekebisha. La namna hiyo tuvuke wote. Na kabla hatujavuka, yeye atakayeumia aseme kwanza, sisi tukimtazama usoni."

Wakaondoka. Waliendelea kunung'unika, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuelewa.

Na maji yakashuka. Chwa, chwa, chwa. Yakapita Kichwani. Yakapita katikati. Yakafika kwenye mawe ya Mkiani, membamba, yenye rangi ya udongo, yakaingia kwenye maharage ya Namcha. Yeye akavua viatu vyake vya ngozi, akakaa ukingoni, akatia miguu ndani. Watoto wake watatu wakatia miguu yao pembeni ya yake. Akalia tena, ila kilio cha safari hii kilikuwa cha furaha, na wanawe wakamwaga maji juu ya magoti yake ili anyamaze.

Nyuma yake, kwa adabu kabisa, alisimama Semboja na mitungi yake, akisubiri zamu.

Kiangazi kikaisha. Ndizi zilikuwa ndogo mwaka ule. Maharage yalikuwa machache. Lakini hakuna nyumba iliyofungwa, na hakuna mtoto aliyelala kwa mjomba. Mvua zilipokuja, watu walizipokea uwanjani, wakacheza.

Mwaka ukaisha, wakakusanyika kuchagua tena. Nani anataka? Wasemaji wote walikuwa na kikohozi. Yule ana migomba michanga, huyu mgongo unamuuma, mwingine shangazi yake anamhitaji. Semboja akasema amefanya kazi kwa moyo wake wote, na moyo umeridhika, na mgongo pia umeridhika kubeba mitungi. Watu wakaanza kutazamana. Wakaona labda warudi kuvuka kwa kila jambo, wakakanyage kingo upya.

Ndipo Namcha akasimama. Hakuwa msemaji. Sauti yake ilikuwa ndogo hadi walio nyuma wakaomba arudie.

"Nichagueni mimi," akasema. "Shamba langu tangu zamani linanywa mwisho. Sipotezi kitu. Na maji yakinifikia mimi, jueni yamewapitia ninyi wote."

Bibi Nakijwa, juu ya gogo, ndiye aliyeanza kugeuza miguu. Hakuna aliyebaki upande wa huku. Hata mbwa alivuka.

Tangu hapo, Mkiani hawakukosa mteule hata mwaka mmoja. Nakijwa aliishi akazeeka zaidi ya uzee aliokuwa nao, akafa usingizini, na kijiji kikamlilia kwa siku nyingi. Na wanasema watu wa mteremko ule, mtu akisimama kuomba achaguliwe, hawamuulizi anajua kusema nini. Humwacha aseme yote, amalize, apumue. Kisha bibi mmoja, lazima awe bibi, humuuliza kwa upole:

"Na shamba lako, mwanangu, litakunywa lini?"

Wanangu, la kurekebishika mpeni mteule wenu, na lisilorekebishika msimwachie mtu mwingine miguu yenu. Na mteule mwema ni yule asiyeshiba kabla ya mwenye njaa wa mwisho.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, igawaneni sawasawa. Ikiwa chungu, niachieni mimi mwenyewe.